Mpiga Dramu wa Kelele Halali

Mtaani walimwita Nyundo, ingawa kazini nyundo hakuishika. Yeye alikuwa mshona magodoro: anakata sponji, anaivalisha kitambaa, anapitisha sindano ndefu kona hadi kona. Jina alilipata kwenye dramu, enzi za Kelele Halali, bendi ya roki iliyodumu muda mfupi kuliko godoro la bei ya kutupa.

Bendi yenyewe ilikuwa ya watu watatu. Nyundo kwenye dramu, fundi redio mmoja mpole kwenye gita la besi, na mdogo wake Nyundo, tumbo moja, aliyepiga gita na kuimba kama mtu aliyedhulumiwa. Muziki gani huo, watu waliuliza, mbona hauchezeki? Mdogo mtu aliwajibu kuwa haukutungwa uchezwe. Ulimi alikuwa nao, huyo.

Majirani walipochoka nao, tajiri wa Nyundo akawaruhusu wafanyie mazoezi stoo, katikati ya magodoro yaliyopangwa hadi darini. Wakapiga kwa nguvu zao zote na nje hakikusikika kitu. Wakajiona wenye bahati ya mtende. Kumbe sponji ilikuwa inameza kila sauti, na miezi yote ile hawakuwahi kusikia pigo hata moja likiwarudia.

Wakati huo mdogo mtu alikuwa ameshapata kibarua melini, huko mbali. Akamwambia kaka yake waziwazi: mwenye ukumbi wa sinema ya zamani, waliyemwomba nafasi ya kupiga, akiwapa Jumamosi zake, anabaki, akiwakataa, anaondoka. Nyundo hakuwa na ndugu mwingine. Wazazi walishatangulia, na huyo mdogo alimlea mwenyewe.

Siku ya majaribio walipanda jukwaani mchana. Ukumbi mtupu, kuta za saruji, mwenye ukumbi kakaa peke yake viti vya nyuma. Nyundo akapiga, pigo likaenda, likagonga ukuta, likarudi. Ulikuwa mwangwi tu, lakini masikio yake ya stoo yakadhani besi imechelewa. Akapunguza mwendo amsubiri fundi redio. Fundi redio, muungwana wa watu, naye akapunguza amsubiri Nyundo. Kufikia ubeti wa pili, wimbo wa hasira ulikuwa umegeuka wa mazishi. Mdogo mtu aliwafuata hivyohivyo mpaka pumzi zikamwisha.

Mwenye ukumbi hakuwa mtu mbaya. Alisema mwimbaji amempenda, besi inafaa, ila dramu watafute mtu mwingine, kisha waje Jumamosi. Nyundo alishafungua mdomo kukubali. Kwake lilikuwa jambo jepesi kabisa. Angekaa hata mlangoni akate tiketi, mradi mdogo wake asiende. Lakini mdogo mtu akamtangulia.

"Bila kaka yangu, sipigi," alisema, akaanza kukunja waya za gita.

Nyundo alimsihi njia nzima. Alimwambia yeye na dramu hawajafunga ndoa. Mdogo mtu akacheka, akamwambia asijishushe. Wiki haikuisha, akapanda meli. Fundi redio akarudi kwenye redio zake, na Kelele Halali ikafa bila kurekodi hata wimbo mmoja.

Salamu huja, tena za upendo, na picha za bandari. Watu humsifia yule mdogo, eti ule ndio undugu hasa, alimheshimu kaka yake mbele za watu. Nyundo hukata uzi kwa meno kwanza, ndipo ajibu.

"Kwani nani alimwomba heshima?" husema. "Mimi nilitaka abaki."