Chombo Kilichotoa Jasho

Walimwita Bi Utando, naye hakununa, maana nusu ya maisha yake ilipita akivika vyombo vya chuma utando mwembamba kwa ndani. Vyombo hivyo hutiwa haidrojeni nzito, ile ambayo watafiti wanataka siku moja iwe kuni za mitambo ya kuunganisha atomi. Gesi hiyo ni jeuri. Chuma unachokiona kizima kabisa, yenyewe inapenya na kwenda zake. Vyombo vyake vingi vilishavuja, na mhandisi mkuu alimwambia bila kumumunya maneno: hiki kipya nacho kikivuja, chumba cha utando kinafungwa.

Asubuhi ya jaribio wakakipasha moto, pampu ikanyonya hewa yote iliyokizunguka, kisha wakatia gesi ndani. Punde mstari mmoja kwenye kioo cha kipimo cha gesi zinazotoka ukaanza kupanda. Bi Utando akavua glavu zake.

"Basi. Ngoja nikafungashe virago."

"Subiri kwanza, mama." Mkuu aliinamia kioo mpaka pua ikakaribia kukigusa. "Hii siyo ile nzito. Ni haidrojeni ya kawaida, na sisi hatukuitia."

Wakatazamana. Chuma kikioshwa kwa asidi hunywa haidrojeni, ndiyo maana lazima kiokwe tanurini ili iitoke kabla ya kuvikwa utando.

"Ulikioka?" mkuu aliuliza.

"Si ulisema utakioka wewe?"

"Mimi? Nilijua umeshamaliza!"

Kumbe watu wazima wawili, na elimu zao, wametegeana kama watoto walioambiwa waoshe masufuria. Hakuna aliyepata uso wa kumlaumu mwenzake. Wakakiacha chombo kwenye moto kitoe jasho lake, na kufikia jioni ule mstari ulikuwa umeshuka wenyewe. Mstari wa pili, wa gesi nzito, ambao ndio wenye kesi, haukuwa umeinuka hata kidogo tangu asubuhi.

"Hakivuji," mkuu alisema. "Baki na chumba chako."

Bi Utando alikaa juu ya sanduku la spana akalia waziwazi, kwa raha tupu. Kisha akampigia simu mumewe.

"Hakijavuja!"

Upande wa pili mume akashusha pumzi ndefu.

"Alhamdulillahi. Na mimi tangu mchana napanga maneno ya kukupa pole."

"Usiyatupe, mume wangu," alisema, akijifuta uso. "Kesho tunaanza kingine."