Fungu la Mwenye Kichuguu

Cheka ukitaka, nimeshazoea. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, kule mjini Turwa, miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, na siku hiyo sikuwa nimeonja pombe.

Nilikuwa mtumishi wa Mzungu mmoja, daktari wa ng'ombe. Alikuwa na sanduku la kioo lenye samaki wadogo wekundu, si wa kula, wa kutazama tu. Umewahi kusikia samaki wa kutazama? Kwetu Kisaka sikuwahi. Bwana alipokwenda kuchanja ng'ombe mbali, nilibaki peke yangu na samaki hao. Sikuwa na mke wala ndugu mjini, na majirani Kikurya chao kilikuwa cha haraka mno kwangu. Basi jioni nilizungumza na samaki. Upweke hauchagui rafiki.

Kopo la chakula chao cha Ulaya likaisha. Nikawalisha kumbikumbi niliowaanika, nikawapepeta mabawa kwa ungo na kuwatwanga laini. Amini usiamini, walinenepa.

Sasa, huku kila kichuguu kina mwenyewe. Huokoti kumbikumbi wa mtu bila kumpa fungu lake. Nyuma ya nyumba palikuwa na mahame ya bibi mmoja aliyekufa bila mtoto, na kichuguu chake hakuna aliyekigusa. Nikajiambia, mwenyewe hayupo, tena watakaokula ni samaki. Fungu la nani tena?

Jioni moja mvua ilipokatika, kumbikumbi wakaruka. Nilikuwa nawaokota nilipoona bibi kizee amesimama kando yangu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akauliza fungu lake liko wapi. Nikamsogezea kapu, akalikataa. Alitaka kuwaona ninaowalisha. Ningemkatalia vipi mzee? Nikampeleka.

Alikaa mbele ya kioo akawaita samaki kwa majina, mmoja mmoja, kama mama anavyoita watoto wake waje kula. Wakaja wote. Mimi nikiwasemesha hawakuwa wakinijali. Niliona wivu kabla sijaona hofu.

"Hawa ndio fungu langu," alisema.

"Bibi, hao ndio watu wangu. Sina wengine."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha. "Basi njoo nao."

Niliinama. Nilipoinua macho, hapakuwa na mtu. Sakafuni palikuwa na nyayo za matope za mtu mmoja tu, zangu. Ndani ya kioo yalibaki maji matupu, na juu yake yanaelea mabawa ya kumbikumbi, yale niliyokwisha kuyapepeta na kuyatupa.

Bwana alinifukuza, akidhani nimewakaanga. Nikarudi Kisaka, nikaoa, nikazaa. Hata hivyo, mvua za kwanza zikinyesha, jioni naisikia sauti ile nyuma ya nyumba ikisema njoo. Sauti siiogopi sana. Ninachoogopa ni kwamba kuna miaka ninasimama niiendee, mpaka mke wangu anishike mkono.

Kwa hiyo ukimkuta mtu kichuguuni jioni, mpe fungu lake palepale. Na hata uwe mpweke namna gani, usimwambie huna wengine. Mdanganye.