Macho ya Mwanamwali Anayecheka

Mlango wa magharibi wa kanisa letu kuu una wanawali kumi wa mawe. Watano wenye busara wako kuume kwa Bwana aliyechongwa katikati, taa zao zimesimama wima. Watano wapumbavu wako kushoto, taa wamezipindua, mafuta hakuna. Mmoja wa wapumbavu anacheka. Huyo ni Odeline, binti wa Hersende muuza supu ya njegere.

Thierri mchonga mawe alikuwa akila kwa Hersende, akamchagua binti awe kielelezo chake kwa sababu mdomo ule haukujua kununa. Kabla jiwe halijapandishwa mlangoni, homa ikamchukua Odeline. Thierri naye akahamia mji mwingine uliokuwa ukijenga kanisa, ndivyo walivyo mafundi. Hersende akabaki na jiwe.

Tangu hapo akaweka chungu chake upande wa kushoto, ambako muuzaji mwenye akili hakai, kwa kuwa watu hupita haraka wakijikinga kwa ishara ya msalaba. Mimi nilikula kwake tangu binti yu hai, na miaka yote hiyo. Supu yenyewe ilikuwa na chumvi nyingi, lakini ungemwambia nani?

Mabile muuza mishumaa, aliyekaa kulia, hakumpa nafasi ya kupumua.

“Mama Odeline, si uhamie huku kwa wenye busara? Utakaa na waliofungiwa mlango mpaka lini?”

“Mpumbavu, lakini wangu. Wewe wako yuko wapi?”

Mabile hakuwa na mtoto. Alirudi kupanga mishumaa yake.

Kisha wakaja wapaka rangi. Mapadri walikuwa wameshaamua: wenye busara nguo za buluu, wapumbavu za manjano, na macho ya wote kumi buluu. Hersende akaanza kumpelekea Joscelin, mkuu wa wapaka rangi, bakuli la kwanza kila asubuhi.

“Fundi, nguo pakeni mtakavyo. Nywele pia. Ila macho ya mwanangu nipakie yalivyokuwa. Nimechoka kumtazama bila kutazamwa.”

“Na mapadri wakiuliza?”

“Waambie macho yao ni mazee.”

Joscelin akacheka, akakubali. Siku ilipofika akamwita apande jukwaa la miti. Sisi wa chini tukaacha tulichokuwa tukifanya.

“Haya mama, niambie. Rangi gani?”

“Kahawia,” akasema Hersende.

Joscelin akachovya brashi.

“Ngoja kwanza. Labda kijivu. Akikaa juani yalikuwa…” Akaushika ule uso wa jiwe kwa viganja vyote viwili, akaukazia macho. “Ngoja, fundi. Nipe muda kidogo tu.”

Fundi akampa. Rangi ikaanza kukauka kwenye brashi, na Hersende bado ameushika uso. Nilitamani nimsaidie, lakini mimi siku zake nilikuwa nikitazama bakuli langu, sikuwahi kumtazama mtoto wa watu machoni.

“Ya kijani,” akasema Mabile kutoka chini, taratibu, bila kejeli. “La kushoto lilikuwa na doa la kahawia. Alikuwa akija kunisaidia kukata tambi za mishumaa.”

Joscelin akamtazama Hersende. Hersende akaitikia kwa kichwa, akakaa juu ya mbao.

“Namlilia kila siku,” akamwambia Mabile, “na anayemkumbuka ni wewe.”