Mkaguzi na Bangili za Bi Hamisa

Benedikto Kasiani alikuwa mkaguzi wa nyaya wa Temeke nzima, na kwa ubishi hakuwa na mwenzake. Nyumba yoyote iliyotaka umeme, ya kuishi au ya kupangisha, ilimsubiri yeye kwanza. Wenye nyumba walimwekea kiti sebuleni wakamwonyesha balbu zao kwa majivuno. Yeye huyo, moja kwa moja mpaka uani, anachuchumaa na suruali yake iliyonyooka kwa pasi, anasema, "Nionyesheni kwanza mguu wa nyumba."

Mguu wa nyumba, kwa lugha yake mwenyewe, ulikuwa ule waya mtupu wa shaba unaoshuka ukutani hadi kwenye fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini. Umeme ukipotea njia, alieleza, upite pale uishie mchangani, usipite mwilini mwa mtu. Alieleza hivyo kila nyumba, kwa maneno yaleyale, hata kwa waliokwisha kumsikia mara tatu. Watu wakisikia kengele ya baiskeli yake waliguna, kisha wakaenda kumchemshia chai.

Alipotoka Masasi, mwaka uliofuata Uhuru, alikuwa amepanga chumba kwa Bi Hamisa, mjane wa Kilwa mwenye nyumba ya vyumba sita. Homa ilipomkamata, uji aliokunywa ulikuwa wa Bi Hamisa. Ramadhani hakufunga, Mkristo yule, lakini futari alikula, tena sahani yake ilipakuliwa mapema. Hata alipopata nyumba ya kazini, kila Jumapili akitoka misa alipitia kwa mama yake huyo. Alimpenda, na hakuona aibu kusema.

Mwaka wa sabini na nne, Bi Hamisa naye akatandaziwa nyaya. Somoe, bintiye wa mwisho, alikuwa anaolewa Jumamosi, na mama alikwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba harusi itakuwa ya taa za umeme, za rangi, tangu barazani hadi uani. Kilichobaki ni saini ya Benedikto. Akisaini Jumatatu, Alhamisi nyumba inaungwa. Asiposaini, ombi linarudi nyuma ya foleni. Nani angekuwa na wasiwasi, na mkaguzi ni mtoto wa nyumbani?

Jumatatu akaja, akachuchumaa. Waya ulikuwa umekatwa chini kidogo ya dirisha. Fimbo ilisimama peke yake kwenye mchanga, haikushikana na chochote.

"Mama, waya wa hapa uko wapi?"

Bi Hamisa akasukuma kanga yake nyuma. Mikono yote miwili ilikuwa na bangili za shaba, zinang'aa.

"Si huu hapa! Baridi yabisi ilikuwa inanimaliza, mwanangu. Nikauona unaning'inia uchi, hauna hata ngozi kama wenzake, nikasema huu fundi kausahau, hauna kazi. Nikampelekea sonara. Sasa mwaka huu wote tunalala salama."

Kweli, kila mpangaji aliyechungulia uani alikuwa na yake mkononi. Bi Hamisa akafungua fundo la kanga, akatoa moja pana kuliko zote.

"Na yako nimekuwekea. Baiskeli hiyo itakuja kukutesa viungo."

Benedikto aliipokea kwa mikono miwili. Moyo ulimuuma kwa mapenzi na kwa hasira pamoja, asijue aanze na kipi.

"Ahsante, mama. Lakini siwezi kusaini."

"Huwezi?"

"Siwezi."

"Harusi Jumamosi, Beni."

"Najua, mama."

Akaitwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Sadallah, mtu wa suluhu. "Ndugu yangu, wewe andika tu leo," alisema kwa upole. "Waya tutafunga wiki ijayo."

"Basi na mimi nitaandika wiki ijayo, mzee wangu."

Bi Hamisa akazirudisha bangili zake ndani ya kanga. Kisha akasema, "Haya, nenda zako, Ndugu Mkaguzi." Miaka kumi na mbili hakuwahi kumwita hivyo.

Benedikto aliizunguka Kariakoo siku tatu akitafuta waya wa shaba. Mwezi ule madukani haukuwepo. Harusi ikafanywa kwa taa za karabai za kuazima, ikapendeza, lakini yeye sahani yake ya pilau aliirudisha nusu. Somoe akaenda kwa mumewe, mtaa mwingine wa Temeke. Waya ulipopatikana, nyumba ikakaguliwa upya, akasaini. Siku hiyo Bi Hamisa alimletea soda kwenye sinia, kama aletewavyo afisa. Jumapili zilizofuata Benedikto alipita barabarani bila kushuka kwenye baiskeli.

Asubuhi moja akamkuta Bi Hamisa kwenye benchi la ofisini, nyuma ya watu wanane, anangoja zamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimetoka kwa Somoe. Ana mimba." Akajitengeneza kanga. "Mkwe wangu anasema nyumba yao ina umeme tangu enzi za Mwingereza, ya kukaguliwa nini. Nimeenda uani kwao nikachuchumaa, Beni, na magoti yangu haya. Nimeuzunguka ukuta wote. Hakuna waya wowote wa shaba."

"Mama, wale wakwe zako. Nikikuta kosa naukata umeme palepale, mbele yako. Watanuna."

"Wanune! Ningetaka wa kuwapendeza ningewapelekea halua. Nataka mtu akawaudhi kama ulivyoniudhi mimi."

 Benedikto aliinama akajifanya anafunga mkoba wa vifaa, mpaka macho yalipokauka, kisha akamshika mama yake mkono wakatoka.