Risasi ya Nyati Tuliyoifuata Iringa

Nyati alitufungia mto. Siku tatu hakuna mwanamke wa kijiji chetu aliyechota maji, na mkamwana wangu alirudi mbio bila ndoo, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Wanaume wakasema nyati huyo ana wazimu. Mimi nilijua wazimu umetoka wapi. Mume wangu, Baba Lukelo, alimpiga risasi begani, nyati hakuanguka, na yeye mwenyewe akakaa juu ya mti tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Aliniambia mimi peke yangu, tena wakati namkanda kiuno. Kwetu nyati ukimjeruhi ni wako, sharti umfuate ummalize. Ila risasi zilikuwa zimekwisha. Ndiyo maana tukasafiri, na ninyi wenzangu wa kisomo nawaandikia kwa sababu mwalimu amesema aliyesafiri aandike.

Asubuhi, Igawa. Tulifika barabara kuu na barua ya mwenyekiti kuhusu nyati na kibali cha polisi cha kununua risasi. Basi la Mbeya likaja kwanza, viti vitupu. Nikanyanyua kikapu.

"Weka chini," akasema Baba Lukelo. "Tunakwenda Iringa."

"Mbeya si ndiyo karibu?"

"Risasi za Mbeya zina kutu."

Kutu! Wawindaji wa Mbeya wote wanamjua, wangemuuliza habari za nyati, basi. Tukasubiri mpaka saa saba, tukala ndizi sita, tukagombana mara mbili.

Jioni, Mafinga. Tulilala kwa mdogo wangu Sikitu. Mume wake ni seremala, hata chai yake inanuka msonobari. Yeye na Baba Lukelo wameoa ndugu, kwa hiyo wanaitana mwanyumba.

"Kamwene, mwanyumba! Mbona safari ya ghafla?"

"Natafuta risasi nene kuliko zote Tanzania."

Seremala akacheka. "Unene wa nini? Mimi nikigonga msonobari, msumari wowote unaingia. Nikigonga mninga, msumari laini unajikunja kama mnyoo. Niambie kwanza unagonga mti gani."

"Nyati si kabati," akajibu mume wangu, akaomba ugali mwingine.

Saa nne asubuhi, Iringa. Duka lile linauza tairi za baiskeli na majembe, na nyuma ya nondo, risasi. Mwenye duka ni Mhindi mzee aliyezaliwa hapo hapo, Kihehe chake kinanishinda mimi. Akasoma barua na kibali taratibu. Baba Lukelo hakungoja, akanyoosha kidole kwenye risasi nene kama gumba la mguu.

"Nipe hizo."

"Mzee, hizo haziingii kwenye bunduki yako. Ni sawa na kusukuma ng'ombe kwenye banda la kuku."

Akaweka maboksi mawili mezani, yote saizi ya bunduki yetu. "Hii ncha yake laini. Ikimpata mnyama inafunguka kama uyoga, nzuri kwa pongo na swala. Hii ngumu, imevishwa chuma mpaka puani, inatoboa mfupa bila kujikunja. Sasa barua inasema nyati. Umeshampiga? Na ipi?"

"Ngumu, tena begani," akasema Baba Lukelo, jicho kavu.

Mwenye duka akavuta maboksi yake pole pole. "Kama ngumu ilimpata begani na bado anatembea, basi risasi haina kosa, kosa ni la mpigaji. Sikuuzii, mzee, utakwenda kufa. Mwachie Bwana Nyama na vijana wake."

Bwana Nyama, yaani yule ofisa wa wanyama, alikuwa mbali akifukuza tembo, hatujui atarudi lini. Nikauona mto wetu, nikaziona ndoo kavu zimepangwa ukutani. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Alimpiga na ya pongo! Ndiyo iliyokuwa mfukoni, akaona uvivu kusafiri kutafuta ngumu. Ya pongo, kwenye mfupa wa bega! Halafu akatua mtini kama kunguru!"

Mwenye duka akainama kutafuta kitu chini ya meza. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mama Lukelo, umenivua nguo mbele ya watu."

"Bora nikuvue nguo mimi Iringa kuliko nyati akuvue ngozi Usangu."

Mwenye duka akainuka, amejifuta macho. "Aibu hiyo mzee wangu, wengi wameshaileta hapa. Chukua ngumu. Na umngoje asimame vizuri."

Njiani kurudi alikaa kiti cha mbele, akaniacha nyuma na kikapu. Pale Makambako akanunua hindi moja la kuchoma, akalivunja, nusu kubwa akanipa. Nikajua yamekwisha.

Nyumbani tulimkuta Bwana Nyama amerudi. Baba Lukelo akamweleza yote mwenyewe, na mti wake humo humo. Kesho yake jua likichomoza wakaenda wawili. Tukasikia mlio mmoja, halafu wa pili, na nyati akawa amekwisha.

Nilichojifunza safarini ni hiki: ukienda kuchagua risasi, taja kwanza ile iliyokushinda. Ukiificha, hata fundi wa risasi anakuchagulia kaburi.

Tulipofika mtoni Baba Lukelo alikuwa amepanda juu ya kichuguu, mguu mbele, bunduki begani, amekohoa tayari kusimulia. Wanawake arobaini na ndoo zao wakampita kushoto na kulia kama maji yanavyopita jiwe.

"Ngojeni basi!" akapiga kelele. "Hamtaki kujua nilivyompiga?"

"Tutakuja, Baba Lukelo," mkamwana wangu akajibu bila kugeuka. "Kwanza tuoge."