Unga wa Pembe za Leso

Mimi majina hayanipotei. Shule niliiacha darasa la tatu, na labda ndiyo sababu: asiyezoea kuandika huweka kichwani. Wanawake waliolima shamba letu mwaka ule wa korona ninawajua wote kwa jina la ubatizo, jina la nyumbani, na jina la mama aliyewazaa. Lakini walinikataza kuwaandika. Kiongozi wao aliniambia, "Omong'ina, mama yetu mzee, ukituandika itaonekana tulikukopesha." Basi majina nitayataja mbele za Mungu. Hapa nitasema walichofanya.

Binti yangu alikuwa mpishi katika shule ya bweni ya mtu binafsi huko Kisii mjini. Ni mjane, na watoto wake watatu amewalea kwa mwiko. Serikali ilipofunga shule, mwenye shule aliwaambia wapishi, walinzi na walimu wake waende nyumbani, wataitwa. Walimu wa serikali waliendelea kupata mshahara, na mimi nilishukuru, maana wengine ni watoto wa majirani zangu na kwao tuliomba chumvi mara nyingi. Ila mpishi wa shule ya binafsi hakuwa na wa kumkumbuka. Mshahara wa mwisho hakuupata. Alipewa sufuria ya jikoni, ile kubwa kabisa. Akaja nayo huku kwetu, upande wa Nyaramba, pamoja na watoto na godoro. Tulipoiweka kwenye mafiga ilifunika jiko lote.

"Mama," akasema, "tuna sufuria ya shule nzima na unga wa kulisha kifaranga."

Redio ikatangaza kwamba serikali itawasaidia waliopoteza riziki. Binti yangu akaenda kwa naibu wa chifu. Yule kijana alimpokea vizuri, sina la kumlaumu. Akamwambia, "Dada, wewe ni mtu wa mjini, utahesabiwa kule. Mimi hapa nimeambiwa wazee, yatima na wagonjwa, na hata hao hawatoshi." Akapanda gari kwenda mjini, nauli ikiwa imepanda. Mzee wa mtaa akamwambia, "Mama, wewe si ulihama? Chumba chako kina mtu mwingine." Jioni akarudi, akavua viatu mlangoni na kukaa hapo hapo chini.

"Mimi ni kama ndizi iliyoangukia mpakani," akasema. "Huyu anasema ni ya yule, na yule anasema ni ya huyu."

Nilicheka. Naye akacheka, kisha akalia.

Mwezi wa nane ulipokaribia akaniambia ameamua. Watoto watabaki na mimi, yeye ataenda Nairobi kutafuta nguo za watu afue. Siku zile watu wetu walikuwa wakirudishwa kutoka Nairobi ndani ya masanduku, wanazikwa asubuhi upesi upesi, hata kulala nyumbani usiku mmoja hawaruhusiwi. Nilimzika mumewe. Sikutaka kumzika yeye pia.

"Ngoja shamba," nikamwambia.

Tuna kipande cha bondeni ambacho tangu baba wa watoto wangu afariki kilikuwa kimejaa sangari, ile nyasi ambayo ukikata mzizi mmoja inaota mitatu. Mbegu za maharagwe nilikuwa nazo, zimekaa kwenye kibuyu juu ya moshi. Kama kingelimwa kabla ya mvua, tungepanda na kula. Lakini magoti yangu yamezeeka, na mtu mmoja na jembe hawezi sangari.

Sasa, huku kwetu kuna egesangio. Ni wanawake wanaolimiana kwa zamu, leo kwangu, wiki ijayo kwako. Sisi hulima Jumapili, kwa sababu Jumamosi ni Sabato. Na egesangio ina sheria moja kubwa: mwenye shamba hupika. Uji wa wimbi asubuhi, mzito wa kusimamisha kijiko. Mtu akilima kwako akarudi kwake na njaa, aibu hiyo wajukuu wako watasimuliwa. Zamu yetu ilipofika, nyumbani hapakuwa na wimbi wala mahindi. Basi nikatuma neno kwa kiongozi: "Mturuke sisi, zamu mpeni mwingine." Binti yangu aliposikia akaanza kufunga mfuko wake. Angeondoka Jumatatu.

Jumapili asubuhi nilisikia majembe yakigongana njiani. Nikatoka.

"Sikuwaambia mturuke?" nikauliza.

"Turuke tumekuwa vyura?" kiongozi akanijibu, huku barakoa iko kidevuni. Akamgeukia binti yangu: "Moiseke, msichana wetu, hebu bandika maji tu kwenye ile sufuria yako ya serikali."

"Si ya serikali," binti yangu akasema. "Serikali hainijui."

"Basi leo itakujua sufuria. Washa moto."

Wakashuka bondeni. Mimi nilikaa jikoni kwenye kigoda, nikiangalia yale maji na kuona aibu yangu ikianza kuchemka humo ndani. Mara akaingia mwanamke wa kwanza, peke yake. Akafungua pembe ya leso, akamimina unga wa wimbi, akafunga, akatoka. Akaja wa pili. Hivyo hivyo, mmoja mmoja, na walio shambani wametupa mgongo, wanalima, ili mtu asijue mwenzake ameleta konzi ngapi. Binti yangu alikuwa anakoroga na machozi yakimdondoka. Kiongozi alipoingia akamwambia, "Wewe, chumvi hiyo inatosha."

Mmoja wao aliingia, akasimama karibu na moto. Pembe za leso yake zilikuwa zinaning'inia, hakuna iliyofungwa. Akachukua mwiko, akakoroga uji kidogo, akajipangusa mikono kama mtu aliyemaliza kumimina, akatoka. Mimi nilitazama moto. Jina lake ninalijua, na hata kwenye maombi silitaji kwa sauti.

Uji ulikuwa umeiva naibu wa chifu alipopita. "Akina mama, mikutano imekatazwa!"

"Mkutano una viti na soda," kiongozi akamwambia. "Wewe unaona soda hapa?"

"Basi mkae mbalimbali."

"Kila mtu ana mstari wake. Njoo upime."

Binti yangu akampelekea kikombe. Kijana akakiangalia, akaangalia barabarani, akateremsha barakoa, akanywa mpaka mwisho. Tangu siku hiyo, Jumapili alikuwa akipitia njia ya juu, asikoweza kutuona. Huyo naye ninamshukuru.

Kipande kilikwisha kulimwa mvua ikiwa imebakiza wiki moja. Jumatatu mfuko ukafunguliwa, nguo zikarudi kwenye kamba. Tulikula saga, ile mboga yetu chungu, tukala maharagwe mabichi, kisha makavu, na hakuna mtoto aliyelala njaa mpaka shule zikafunguliwa na mpishi akaitwa. Ile sufuria hakurudi nayo. Aliiachia egesangio, na mpaka leo inazunguka na zamu, inabebwa kichwani kutoka boma hadi boma. Wengi sasa wana unga wa kutosha, lakini bado wanaingia jikoni mmoja mmoja.

Jumapili iliyopita zamu ilikuwa kwa yule wa leso tupu. Binti yangu alikuja kutoka mjini kulima. Nilimwona akiingia kwenye jiko la yule mama, na pembe za leso yake zote nne zilikuwa zimefungwa mafundo mazito. Mimi sikuwa nimemwambia kitu. Kumbe siku ile, pamoja na machozi yote yale, na yeye aliona.