Plastiki ya motokari yangu na mbuzi ya Manika

Bandugu, leo nimechoka. Muniache nilalamike kidogo.

Asubui nilibandika ile plastiki nyeusi chini ya pare-chocs, ile bampa ya mbele, juu motokari yangu ionekane ya course, ya mashindano. Nilifanya mi mwenyewe ku nyumba. Nilipangusa mavumbi, nikatia kola ya kugandisha, nikafinya mpaka mikono ikauma.

Bibi yangu, mama ya Junior mutoto wetu, alikuwa anaangalia tu.

"Tata Junior, na dos d'âne ya Manika, lile tuta ya ku barabara?"

"Nitapita polepole."

Na nilipita polepole kabisa! Hata kuku ilinipita.

KRAAA!

Plastiki yote chini.

Kushuka, nakuta mama mumoja mwenye kuuzisha mboga ya lengalenga pale pa dos d'âne alisha kuiokota. Nyuma yake kuko kashamba kake. Alikazungusha ua ya plastiki za motokari tupu! Nyeusi, ya gris sawa majivu, nyekundu moja. Zote zilikatikia pale pale.

"Mama, ile ni yangu."

Akaniangalia na huruma ya kweli.

"Tata, uniachie. Kulibakia kitundu kimoja tu, njo pale mbuzi ilikuwa inaingilia."

Nikamuachia.

Sasa ile nyekundu, ni ya nani kati yenu? Museme tu. Sitacheka, hata nguvu ya kucheka sina.